Mwanamke Aliyenuiza kwa Mikono Mitupu

Baraza la mji wetu lilinituma nitembelee nchi za watu, nitazame wanavyojitawala, nirudi niseme kipi tuige na kipi tuache. Nchi nilizozipitia kabla ya hii nimekwisha kuzieleza, na sina hamu ya kuzirudia. Habari za Ushikizi nazisimulia peke yake kwa sababu huko sikuwa mtazamaji tu. Nilipanga chumba katika nyumba ya mwanamke aliyepatwa na mambo haya, nikala chakula chake, nikayaona mengi kwa macho yangu. Yapo ndani yake mambo ya kuchekesha, lakini nilipokuwa huko sikucheka sana.

Ushikizi ni nchi ambayo neno lina nguvu. Mtu aliyefunzwa akinuiza, yaani akilitamka neno lake kwa nia na kwa utaratibu, moto huwaka, damu hukatika, mtoto anayekesha hulala. Hilo nililiona, wala sibishani nalo. Lakini sheria ya nchi inasema kwamba kila neno lina kiambato chake, kitu ambacho mganga hana budi kuwa nacho anaponuiza. Neno la moto linataka mavi makavu ya popo. La usingizi linataka mchanga laini. La kukata damu linataka utando wa buibui, na la kufanya kizito kiwe chepesi linataka unyoya wa ndege aliyekufa kifo chake mwenyewe. Nani aliyepanga hivyo, hakuna ajuaye. Nilipouliza mara ya kwanza niliambiwa ndivyo ilivyo. Nilipouliza mara ya pili nilitazamwa kama mtu asiyefunzwa na mama yake.

Mpakani walinipekua. Afisa alichukua sufi ya mto wangu, kipande cha mshumaa na bizari niliyofungiwa na dada yangu, kisha akachomoa nywele zilizonasa kwenye chanuo, mojamoja, kwa adabu kubwa. Akasema nimeingia na viambato vya kutosha kuteketeza wilaya. Nikamwambia mimi hata punda wangu hanisikii. Akajibu kwamba hilo halimo katika maswali yake.

Wenyeji wenyewe wamegawanyika makundi matatu. Wapo Wa Mkononi, wanaosema kiambato lazima kionekane kiganjani. Wapo Wa Mkoba, wanaosema inatosha mganga kuning'iniza kiunoni mkoba ulioshonwa na kupigwa muhuri, nao huhesabiwa kuwa una kila kitu. Mkoba huo ni marufuku kuufungua, maana ukifunguliwa huenda kikakosekana kitu. Na wapo Wa Fimbo, ambao ni zile koo chache zenye fimbo za kuchongwa za kurithi. Mwenye fimbo haulizwi kiambato, kwani fimbo husimama badala ya vyote. Baada ya vizazi vya ugomvi, sheria iliwaridhisha wote: maneno madogo hupita kwa mkoba, maneno makubwa hutaka kitu mkononi, na mwenye fimbo huachwa apite.

Mwenye nyumba wangu aliitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mganga, mjane wa makamo, mwenye miguu iliyovimba kwa kutembea kwenda kwa wagonjwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja nilimwuliza kuna nini hasa ndani ya mkoba wake.

"Mkaguzi akiniuliza, kila kitu," alisema. "Wewe ukiniuliza, njugu. Huwa nasikia njaa njiani."

Nyumba ya pili alikaa mwashi mmoja aitwaye Pazi na mkewe Mwantumu, aliyekuwa mjamzito wa mimba ya kwanza. Pazi alikuwa akijenga Ghala jipya la Viambato karibu na soko, kwa kuwa la zamani lilikuwa limefurika manyoya hata milango haifungi. Watu wa mkaguzi walimharakisha. Asubuhi moja jua likiwa limeshapanda, ukuta wa mawe ukaanguka naye, na jiwe la kizingiti cha dirisha, kubwa kama kitanda, likamlalia kuanzia kiunoni kwenda chini.

Tulipofika na Bi Sikudhani, watu walikuwa wamejaa. Wanaume walikuwa wamejaribu kulisukuma jiwe wakashindwa. Pazi alikuwa hai, akiita jina la mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji. Bi Sikudhani akapiga magoti. Hapo Mkaguzi wa Viambato, Bwana Mwinchande, akamshika bega.

Bwana Mwinchande hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimwambia mganga kwa upole kwamba neno la wepesi ni neno kubwa, mkoba hautoshi, unyoya sharti uonekane. Bi Sikudhani akaomba apewe unyoya. Mkaguzi akasema manyoya yako tele katika ghala la zamani, ila kuyatoa kunataka idhini ya watu wawili, na wa pili wake yuko kwenye mkutano wa kujadili rangi ya milango ya ghala jipya. Mtu akatumwa. Mwingine akatumwa kwa jirani mmoja mwenye fimbo. Akarudi akasema bwana huyo anakula, na fimbo yenyewe imepelekwa kupakwa mafuta.

Basi tukangoja. Palitokea mabishano kati ya mkaguzi na watu wawili wa soko waliosema manyoya ya kuku yapo hapo hapo kwa muuza kuku. Mkaguzi akawakumbusha kwamba kuku wa sokoni huchinjwa, hafi kifo chake. Hilo watu walilikubali, wakanyamaza. Mwantumu alikuwa ameketi kwenye kifusi, ameshika mkono wa mumewe. Pazi aliacha kuita. Alianza kusema kwamba miguu haimuumi tena, na Bi Sikudhani aliposikia hivyo uso wake ulibadilika.

Hakupiga kelele. Aliuvua mkoba kiunoni, akauweka kando, akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, akanuiza. Nilikuwa karibu, nikalisikia neno lote, ingawa sikulielewa. Lile jiwe likawa kama boga kavu. Wanaume wawili wakaliinua, wakaliweka pembeni, na Pazi akavutwa nje. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika vibaya. Aliishi.

Nilitazamia watu washangilie. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alikuwa akiitazama mikono ya Bi Sikudhani, ambayo bado ilikuwa wazi. Bwana Mwinchande akaisogelea, akaigeuza upande huu na huu, na nikaona ameogopa. Alimwambia, karibu kwa kumwomba, "Bibi, mbona hukungoja?"

Akachukuliwa siku ile ile.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Mshangama, mzee wa ukoo wa fimbo, na karibu mji wote ulikuja. Mashtaka yalikuwa kunuiza neno kubwa bila kiambato. Adhabu yake ni kufungwa kitambaa mdomoni maisha yote na kutozungumza na mtu yeyote. Lakini halikuwa hilo lililowatia watu baridi. Sheria ya Ushikizi inasema tendo likibatilishwa, matokeo yake nayo yanabatilika, na kila kitu hurudishwa mahali pake. Mwantumu aliposimama kuuliza maana yake, karani alimfafanulia kwa huruma kwamba lile jiwe limehifadhiwa, halijaharibika.

Wataalamu walizungumza kutwa. Mmoja wa kundi la Wa Mkononi alieleza kwamba bila unyoya jiwe haliwezi kuwa jepesi. Kwa hiyo halikuwa jepesi, na kwa hiyo Pazi bado yuko chini yake. Pazi alikuwa ameketi benchi la mbele, mguu umefungwa gango. Hakimu alimwomba atulie, asichanganye ushahidi. Mtaalamu wa pili alisema pengine kulikuwa na unyoya ukipeperuka hewani, usioonekana, na akataka upepo wa siku ile uchunguzwe. Nilitafuta uso mmoja unaotabasamu katika ukumbi ule, sikuupata. Walikuwa watu wazima, wameacha kazi zao, na walisikiliza kwa makini kabisa.

Pazi alipoitwa, aliulizwa aliona nini. Alisema alikuwa chini, hakuona kitu. Alisikia tu sauti ya Bi Sikudhani, na kisha uzito ukamtoka.

Jioni ya siku hiyo, jua halijazama, nilimpelekea Bi Sikudhani wali na mchicha katika chumba alichofungiwa nyuma ya mahakama. Alikuwa hajamaliza kula Hakimu Mshangama alipoingia, bila joho, amechoka, akaketi kwenye kigoda kama mgeni wa nyumbani. Nikasimama niondoke, akasema nikae, maana mimi si mtu wa nchi hii na ninalosikia halina uzito.

Alimwambia Bi Sikudhani kwamba hapendi kesi hii. Akamweleza, kama mtu anayemweleza dadake, kwamba nusu ya mji huo wanaishi kwa kuokota manyoya, kukausha mavi ya popo na kulea buibui. Wakijua kwamba neno linakuja lenyewe, kesho wataamka waende wapi?

"Mimi sikuwaambia waache," alisema Bi Sikudhani. "Mimi nilitaka jiwe litoke."

"Najua."

"Na wewe, Hakimu? Tangu ujana wako, siku uliyoisahau fimbo nyumbani, hukuwahi kusema neno likawa?"

Mzee yule alitazama mikono yake, iliyokuwa na madoa ya uzee.

"Umri umenienda, bibi," alisema. "Mengine sikumbuki."

Kisha akamwambia alilojia. Mahali pale palikuwa pameanguka ukuta, na penye ukuta ulioanguka pana vumbi. Mtu aliyepiga magoti katika kifusi, akagusa jiwe, hakosi vumbi mikononi. Bi Sikudhani akisema kesho kwamba alinuiza kwa vumbi, mahakama itakubali kwamba kiambato kilikuwapo, ila ni kipya. Tendo litasimama. Jiwe litabaki lilipo.

Bi Sikudhani alisema, "Kwa hiyo niseme uongo."

"Vumbi lilikuwapo."

"Lilikuwapo. Halikufanya kitu."

"Hilo hatutakuuliza," alisema Hakimu, akainuka kwa kujishika magoti.

Alipotoka, Bi Sikudhani aliusukuma wali upande wangu akaniambia nimalizie. Nilitamani akatae, nikajiona mtu wa ovyo, maana si mimi ningerudishwa chini ya jiwe. Aliniuliza kama Mwantumu anakula vizuri. Nikasema hali kitu. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukuta, akanyoosha miguu.

Kesho yake alisimama mbele ya watu akasema alikuwa na vumbi mkononi. Akaulizwa vumbi la nini, akasema la ukuta. Akaulizwa lilikuwa wapi hasa, akasema katika mistari ya viganja na chini ya kucha. Wa Mkononi walifurahi, kwa kuwa kiambato kilikuwa mkononi kweli. Wa Mkoba nao walifurahi, kwa kuwa ukucha, ukiufikiria vizuri, ni mkoba mdogo. Wa Fimbo hawakuwa na la kupoteza. Mwantumu alilia kwa sauti ya chini, akaubusu ule mkono, na nilimwona Bi Sikudhani akiuvuta taratibu kama umeungua.

Sheria ikatungwa. Vumbi la ukuta ulioanguka likawa kiambato halali, kwanza kwa neno la wepesi, halafu, kwa kuwa lilikuwa rahisi kupatikana, kwa maneno yote ya dharura. Nilidhani hilo litawapunguzia watu mzigo. Haukupita muda kukatangazwa kwamba vumbi liwe la ukuta ulioanguka wenyewe, si uliobomolewa, na watu wakaanza kuacha kuta zao zioze. Bwana Mwinchande alipandishwa cheo akawa Mkaguzi wa Kucha. Waganga waliofika kwa wagonjwa na mikono safi walirudishwa mlangoni. Wa Mkoba wakashona vimikoba vya kuvaa vidoleni.

Pazi hakuweza tena kupanda kuta, na serikali ikampa kazi ya kuchekecha vumbi ghalani. Aliipenda. Siku moja nilimkuta akilieleza kundi la wageni jinsi vumbi lilivyomwokoa. Walipoondoka nilimkumbusha kwamba mahakamani alisema alisikia sauti tu.

"Sauti ilikuwapo, ndiyo," alisema Pazi bila kuona haya. "Lakini sauti peke yake, ndugu yangu, itainua nini?"

Nilimwambia Bi Sikudhani maneno hayo nikitarajia atakasirika. Alisema Pazi ni mtu mwema na ana mke wa kumlisha. Siku zile alikuwa akienda kwa wagonjwa kama kawaida, na kabla ya kutoka alikuwa akiinama kwenye kibakuli kilichokaa karibu na mlango, akajipaka. Mwanzoni alifanya hivyo kwa kejeli, akinitazama. Baadaye hakunitazama tena.

Siku za Mwantumu zikatimia. Tuliitwa mchana, wakati Pazi yuko kazini. Mwantumu alikuwa akilichukia vumbi la ghala. Kila jioni alimkung'uta mumewe nje kama mkeka kabla ya kumruhusu aingie, na kwa ajili ya mtoto wanawake wa jirani walikuwa wamesugua nyumba nzima kwa maji na sabuni, sakafu hadi dari. Bi Sikudhani alinawa mikono hadi viwiko akaingia. Mimi nikabaki uani.

Mtoto alizaliwa, wa kike, nikamsikia akilia. Halafu pakawa kimya, na kimya kile kikawa kirefu. Mwanamke mmoja akatoka na beseni, nikaona yaliyomo, nikajua damu haikatiki. Ndani nikamsikia Bi Sikudhani.

"Vumbi," alisema. "Nitafutieni vumbi."

Wanawake wakamwambia hakuna, wamesugua kila mahali. Nikawasikia wakiburuta makabati, wakipapasa juu ya milango. Mmoja akasema atakimbia ghalani, mwingine akamwambia atachelewa. Nikasogea hadi pazia la mlango, jambo ambalo si adabu, nikasema kwa sauti ambayo angeisikia yeye.

"Bi Sikudhani, nuiza. Hapa hakuna mkaguzi. Nuiza tu."

Nilisikia pumzi zake. Ninaamini alikuwa ameweka mikono yake pale panapohitajika, mitupu, na neno liko kinywani mwake. Alikuwa na nafasi ya kulisema mara nyingi kwa muda ule uliopita. Kisha sauti yake ikatoka, nyembamba, na sikuwahi kuisikia hivyo.

"Nimesema vumbi."

Nikakimbia nje, nikainama barabarani, nikachota vumbi la barabara, lililokanyagwa na miguu na kwato, nikalipitisha chini ya pazia. Mkono ulilipokea. Neno likasemwa. Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango akasema, "Imekatika," na wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja.

Tulirudi nyumbani polepole kwa sababu ya miguu yake. Njiani nilimwambia ukweli, kwamba lile vumbi halikuwa la ukuta.

"Najua," alisema. "La ukuta ni jeupe. Lile lilikuwa jekundu."

"Basi umeona mwenyewe kwamba halina kazi. Neno ndilo lililokuja."

"Nimeona kwamba lilikuwa mkononi."

Nikamwuliza kama alijaribu kwanza bila kitu, pale nilipomwita kutoka mlangoni.

"Sikujaribu. Ningejaribu neno lisije, ningebaki na nini? Mwantumu angekufa, nami ningekuwa nimejua. Bora nisijue, mwanangu."

Nilikuwa nimekwisha kuamua kuondoka kesho yake, na niliondoka. Baraza limeniuliza mara kadhaa tuige nini kutoka Ushikizi, nami bado sijawapa jibu.

Jioni ile tulipofika nyumbani nilipakua chakula, nikamletea Bi Sikudhani birika na beseni, nikammiminia maji. Akanawa mkono wa kulia, kwa sabuni, vizuri, hadi kwenye kifundo. Mkono wa kushoto akaufumba na vumbi lake, akauweka mapajani, akasema bismillahi, tukala.